Kwa Nini Kampala Ilichapa Malungu ya Ufipa

Mwaka 1913 Wamisionari wa Afrika walitoa huko Algiers kitabu cha Kifaransa kuhusu watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika na wa nyanda za juu zilizo nyuma yake. Mwandishi alikuwa Adolphe Lechaptois, askofu mwenye makao yake Karema, na kazi hiyo ilitunukiwa na Jumuiya ya Jiografia ya Paris. Wafipa, watu wa nyanda hizo, wamo tele: mila zao, kilimo chao, namna walivyoyeyusha chuma. Waliosimuliwa hawakuwa na njia yoyote ya kujisoma. Kitabu kilikwenda kwa wasomi wa Ulaya, na Wafipa wakabaki na majembe yao.

Karibu vitabu vyote vikubwa vya Ufipa vina safari ya aina hiyo. Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza, alifika mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaketi na wazee, akanukuu hadithi zao na masimulizi ya Milansi, himaya kongwe ya wafua chuma, na jinsi ukoo wa Watwaki ulivyokuja kuuchukua utawala. Hadithi hizo zilichapwa Oxford mwaka 1978. Historia ya dola ya Ufipa, aliyoiandika baadaye, ikatoka Bloomington, Indiana, mwaka 1981. Kathleen Smythe, Mmarekani aliyetafiti familia za Nkansi na kuingia kwa Ukatoliki, alichapishiwa kitabu chake New Hampshire mwaka 2006. Ni kazi za heshima, na bila hizo mengi yangekuwa yamekwenda na wazee waliofariki. Lakini mwanafunzi wa kidato cha tatu pale Laela, anayetaka kujua Milansi ilikuwa nini, atafika wapi na vitabu vya Kiingereza cha vyuo vikuu, vyenye bei ya dola, vilivyochapwa ng'ambo ya bahari mbili?

Ndiyo maana kitabu kimoja katika msururu huo hunishughulisha kuliko vingine. Mwaka 2010 Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa matokeo ya utafiti wake wa miaka mingi kuhusu uyeyushaji chuma wa Wafipa. Aliyekichapisha ni Fountain Publishers wa Kampala. Kitabu ni cha Kiingereza, lakini mwandishi ni Mtanzania, mchapishaji ni wa Afrika Mashariki, na mada yenyewe ni malungu, yale matanuri marefu ya udongo ambayo mabaki yake yangali yamesimama hapa na pale katika mashamba ya Nkasi na kwingineko Ufipa.

Aliyepata kusimama kando ya ilungu hahitaji kuelezwa kwa nini mtu atumie miaka kulichunguza. Ni jengo linalomzidi mtu kimo, mengine yakifika mita 3 hivi. Ndani yake mafundi walipanga mawe ya chuma na mkaa tabaka kwa tabaka, wakawasha, na hewa ikajivuta yenyewe kupitia mabomba ya udongo yaliyopangwa chini. Hapakuwa na mtu wa kuvukuta. Moto ukimaliza kazi yake, chuma kilichotoka kilikuwa bado na takataka nyingi, hivyo kikapelekwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika kukisafisha kabla ya kufika mikononi mwa mfuaji. Mapunda alionyesha kwamba Ufipa haikuwa na njia moja tu. Kabla ya malungu kulikuwa na matanuri mafupi ambayo wataalamu huyaita katukutu, na baadaye walifika mafundi Warongo kutoka upande wa Ziwa Nyanza, na utaalamu wao wa kutumia mivukuto. Aina tatu za ufundi katika nchi moja: huo ni mjadala wa teknolojia ambao watoto wa Mkoa wa Rukwa, ilipo Ufipa, wangeweza kuusomea nyumbani kwao.

Kwa nini basi mchapishaji wa Kampala, mwenye wasomaji wake Mbarara, Gulu na Jinja, atoe fedha kwa ajili ya matanuri ya Ufipa? Jibu limo katika orodha yake ya vitabu.

Fountain ilianzishwa na James Tumusiime mwaka 1988, Uganda ikiwa imetoka vitani na viwanda vyake vya vitabu vikiwa vimekufa. Katika orodha yake utakuta kitabu cha mwongozo wa wilaya za Uganda, aina ya kitabu ambacho kila ofisi ya serikali hutaka kiwe mezani. Utakuta historia ya siasa ya Samwiri Karugire, utafiti wa Sylvia Tamale kuhusu wanawake bungeni, hadithi za Mary Karooro Okurut, na kamusi ya Kinyankore na Kikiga inayoyaeleza maneno kwa lugha hiyohiyo. Na katikati ya vyote hivyo, kwa wingi, utakuta vitabu vya shule. Uganda ilipowafungulia wachapishaji binafsi soko la vitabu vya kiada katika miaka ya 1990, Fountain ilikuwa tayari, na fedha za darasani ndizo zilizoipa kampuni ubavu wa kuchapa vitabu ambavyo haviuziki haraka. Tumusiime alikwenda mbali zaidi, akajenga kituo cha utamaduni cha Igongo karibu na Mbarara, chenye makumbusho ya watu wa magharibi ya Uganda.

Mkulima wa Ufipa anaijua hesabu hii vizuri kuliko mhasibu. Mvua zinapokaribia kwisha hukata majani, huyafukia katika matuta ya mviringo yaitwayo intumba, hupanda maharage juu yake, na msimu unaofuata huyatawanya matuta yaliyooza ili ulezi ustawi. Zao la kwanza hulisha la pili. Katika nyumba ya uchapishaji, kitabu cha hesabu cha darasa la nne ndicho majani yaliyofukiwa, na kitabu cha malungu ni ulezi.

Watu wengi hudhani gharama ya kitabu ni karatasi na wino. Kumbe sehemu kubwa imekwisha kuliwa kabla mtambo haujawashwa. Mswada husomwa na wataalamu, huhaririwa, husahihishwa mara mbili au tatu, ramani huchorwa, picha hulipiwa, jalada hubuniwa. Gharama hizo ni zilezile, uchape nakala 200 au 20,000. Ukigawa kwa 20,000, kila nakala hubeba kidogo sana. Ukigawa kwa 200, bei inampita mwalimu wa Matai. Mchapishaji mwenye vitabu vya aina moja tu, hasa vile vya utafiti, hufa mapema. Mwenye vitabu vya shule pekee hutajirika, lakini baada ya miaka thelathini hakuna atakayekumbuka jina lake. Anayedumu na kuheshimika ni yule ambaye orodha yake ni mseto kwa makusudi, akijua kila kitabu kinamlipia nani.

Tanzania tunao wa aina hiyo. Walter Bgoya aliongoza Tanzania Publishing House, shirika lililoanzishwa mwaka 1966, tangu 1972 hadi 1990. Mwaka uleule alioingia, shirika hilo na wachapishaji wadogo wa London, Bogle-L'Ouverture, walitoa kitabu cha Walter Rodney kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, na Dar es Salaam ikasomeka dunia nzima. Mwaka 1991 Bgoya alianzisha kampuni yake, Mkuki na Nyota. Tazama kilichomo katika orodha yake: Shaaban Robert, pamoja na wasifu wake wa Siti binti Saad; riwaya ya Shafi Adam Shafi, Vuta n'kuvute, iliyotoka 1999 na baadaye ikawa filamu; mkusanyiko wa tafiti za ardhi na mazingira ya Tanzania wa mwaka 1996, uliotolewa kwa kushirikiana na wachapishaji wa Uingereza, Nairobi na Ohio; wasifu wa Mwalimu Nyerere katika majuzuu matatu, wa Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata, mwaka 2020; na Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutoka mwaka 2022, baada ya mwandishi wake kupata Tuzo ya Nobel. Ni vigumu kumwona msomaji mmoja anayevitaka vyote hivi, na hapo ndipo ilipo nguvu ya orodha. Kila kitabu humleta mtu mwingine dukani.

Lakini kisa ambacho ningependa kila mtu wa Sumbawanga akijue ni cha Aniceti Kitereza. Alikuwa Mkerewe, aliyesomeshwa na Wamisionari wa Afrika, shirika lilelile lililofika Karema mwaka 1885. Mwaka 1945 alimaliza kuandika riwaya ndefu kwa Kikerewe kuhusu mume na mke, Myombekere na Bugonoka, na kupitia maisha yao akaandika kila alichoogopa kwamba kitasahauliwa: uganga, uvuvi, ndoa, pombe, kilimo, maziko. Hakupata mchapishaji. Kikerewe ni lugha ya kisiwa, walimwambia, nani atanunua? Akaketi akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilipotoka hatimaye mwaka 1980, ikiwa majuzuu mawili, aliyeitoa ni Tanzania Publishing House ya Bgoya, na uchapaji ulifanyika China. Kitereza alifariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia. Mwaka 2002 Mkuki na Nyota wakatoa tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, Mkerewe mwingine.

Miaka thelathini na mitano ya kungoja. Kila nikikifikiria kisa hiki huwaza miswada ya Ufipa. Katika nyanda hizi Wamisionari wa Afrika walifundisha watu kusoma na kuandika mapema kuliko sehemu nyingi za bara, na mapadre wa kwanza wazalendo walipata upadrisho katika miaka ya 1920. Walimu wa dini, makatekista, makarani wa baraza la Mwene (mtawala wa Wafipa), walimu wa shule za kati: ni vizazi vinne sasa vya watu wenye kalamu. Siamini kwamba hakuna hata mmoja aliyeandika. Ninachoamini ni kwamba waliandika kwenye madaftari, na madaftari yamo ndani ya masanduku.

Miaka ile kulikuwa angalau na mitambo ya kanisa. Kipalapala, karibu na Tabora, ilichapa vitabu vya sala, vya shule na vya maarifa, na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho wakafanya hivyohivyo upande wa kusini, kuanzia liturujia hadi afya na kilimo. Nyumba nyingi za Ufipa zilipata kitabu chao cha kwanza kwa njia hiyo, na hadi leo kitabu cha sala na nyimbo ndicho kinachochakaa kwanza. Orodha hizo zilikuwa mseto pia, ingawa lengo lao lilikuwa la kanisa.

Kilichowabana wachapishaji wetu huru si uvivu wala kukosa maarifa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali iliwakabidhi wachapishaji binafsi kazi ya vitabu vya kiada, na nyumba kadhaa zikainuka. Mwaka 2013, baada ya Bunge kulalamikia makosa yaliyopatikana katika vitabu vilivyopewa ithibati, kamati ya ithibati, EMAC, ilivunjwa. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ikasisitiza kitabu kimoja cha kiada kwa kila somo, na kazi ya kuviandika ikawa ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Malalamiko ya Bunge yalikuwa na haki: mtoto hapaswi kufundishwa kutoka katika kitabu chenye makosa. Hata hivyo dawa iliyotolewa ilichota fedha zilizokuwa zikilisha vitabu vingine vyote. Mchapishaji akibakiwa na vitabu vya ziada peke yake, ambavyo shule hununua zikipata fedha, kitu cha kwanza anachokiondoa katika mipango yake ni kitabu cha utafiti wa mkoa ulio mbali. Ufipa haikutajwa popote katika uamuzi huo, lakini ni miongoni mwa walioulipia.

Serikali imejaribu kurudisha kitu. Tangu mwaka 2023, kila tarehe 13 Aprili, Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu hutolewa, na kazi za washindi huchapwa na kupelekwa shuleni. Ni hatua njema kweli. Inamsaidia mtunzi wa riwaya na wa mashairi, na huenda mshindi mmoja siku moja akatoka Namanyere. Haimfikii bado mtu aliyekusanya methali za Kifipa, wala aliyeandika historia ya bandari ya Kasanga, wala mganga aliyeorodhesha mimea ya msitu wa Mbizi.

Nikitazama maduka ya vitabu na vifaa vya shule ya Sumbawanga, naona hali inayofanana na ya miji mingi ya mikoani: daftari, rula, vitabu vya kiada, vitabu vya maswali na majibu ya mitihani, Biblia, vitabu vya nyimbo. Muuzaji hana kosa. Huleta kinachotoka. Barabara ya lami kutoka Tunduma imepunguza safari na gharama, na katoni ya vitabu iliyopakiwa Dar es Salaam inafika kama mizigo mingine. Rukwa ina watu zaidi ya milioni moja na nusu kwa sensa ya 2022. Soko lipo. Kinachokosekana ni kitabu chenye Ufipa ndani yake, kwa lugha inayosomeka, kwa bei ya mtu aliyeuza debe chache za mahindi au maharage.

Sishauri Sumbawanga ijenge kampuni yake ya uchapishaji kesho. Kampuni bila orodha inayojilipa ingefungwa katika mwaka wa pili. Ninachokiona kinawezekana ni Ufipa kuingia katika orodha za wachapishaji walio hai tayari, ikiingia kama mteja anayejua anachotaka. Ningeanza na hadithi zilizokusanywa na Willis, zitolewe kwa Kifipa na Kiswahili kurasa zikitazamana, baada ya kupata ridhaa ya wenye haki. Hadithi hizo zilitolewa na wazee wa huku. Wajukuu wao wana madai ya kimaadili kuzipata hata kama hakimiliki iko kwingine. Sambamba nazo kiwepo kitabu cha malungu kwa shule za msingi, chenye picha nyingi na maneno machache, ambacho mwalimu anaweza kukitumia kisha akawapeleka watoto shambani wakaone lile lililobaki. Mapunda alishafanya kazi ngumu. Kinachotakiwa ni mwandishi wa watoto na mchoraji. Na kitabu cha intumba, kwa sababu bei ya mbolea ya viwandani imewafanya vijana waanze kuwauliza wazee walikuwa wakifanyaje. Hicho ndicho kitakachouzwa kuliko vyote, nina hakika, na kitavibeba vingine.

Wengine watasema vijana hawasomi vitabu, wanatazama simu. Simu haizuii. African Books Collective, jumuiya ya wachapishaji wa Afrika iliyoanzishwa mwaka 1989, ambayo Bgoya ni miongoni mwa waasisi wake, kwa miaka sasa huuza vitabu kwa mfumo wa kuchapa nakala kwa kadiri zinavyoagizwa. Kitabu hakilali tena ghalani kikiliwa na mchwa. Faili lipo, na akitokea mnunuzi mmoja, nakala moja huchapwa. Kwa kitabu cha watu wachache, kama cha malungu, mfumo huu umeondoa hofu kubwa iliyomtesa Kitereza na wachapishaji wa wakati wake. Gharama za kuhariri na kusanifu hazijaondoka. Hizo lazima mtu azibebe mwanzoni.

Hapa kuna mfano wa nyumbani. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, uliwahakikishia wachapishaji kwamba ungenunua sehemu kubwa ya toleo la kila kitabu ulichochagua, kisha ukazigawa nakala hizo shuleni. Mchapishaji alikwenda kiwandani akijua nusu ya mzigo imekwisha kulipiwa. Waandishi wengi wa watoto nchini walijitokeza kwa mlango huo.

Rukwa ina halmashauri nne: Manispaa ya Sumbawanga, Wilaya ya Sumbawanga, Nkasi na Kalambo. Chukua toleo la nakala 1,000 la kitabu cha malungu kwa watoto. Kila halmashauri ikiagiza nakala 150 kwa shule zake, 600 zimenunuliwa kabla mtambo haujawashwa. Jimbo Katoliki la Sumbawanga, lenye seminari na shule, likichukua 100, na Maktaba ya Mkoa na vyuo vikachukua 50, zinabaki 250 za kugawana wauza vitabu wa Sumbawanga na Tunduma, na Wafipa walioko Mbeya na Dar es Salaam ambao hutafuta zawadi ya kuwapelekea watoto wao waliozaliwa mjini. Mchapishaji yeyote wa Dar es Salaam ataielewa hesabu hii bila kuelezwa mara mbili. Anachohitaji ni barua ya oda yenye mhuri wa mkurugenzi, na fungu la fedha lililotajwa katika bajeti ya mwaka unaofuata.